Aliyekuja Kumposa Muli

Muli alikuwa mtu wa kuota mchana, na ukimlaumu kwa hilo mimi na wewe tutakosana. Ungekuwa wewe usingeota? Mwaka ule wa hamsini na sita timu ya hoki ilitoka Uingereza ikaja Nairobi, Muli akaifunga mabao matatu peke yake, na kiongozi wao, Bwana Harcourt, akasema lazima ampate. Tangu hapo Muli alikuwa akitoka ofisini mjini hadi nyumbani Muthangari bila kuhisi kama anakanyaga chini. Ukungu wa Julai ukitanda Upper Hill, yeye aliona theluji. Upepo ukivuma mitini, alisikia watu wa mbali wakiliita jina lake vibaya vibaya, naye akitabasamu njiani kama mwehu.

Jumamosi Harcourt akaja na mkataba: misimu miwili ya kucheza, kazi kiwanda cha biskuti, chumba, tikiti ya meli. Kiswahili alikiokota jeshini. Muli akamwingiza kwa baba yake mdogo, mpishi Nzomo, aliyemlea tangu alipofiwa na baba. Bila ruhusa ya Nzomo asingekwenda popote.

Chai ikanywewa. "Mzee," Harcourt akasema, "mimi nataka kijana hii. Wewe nasema nini?"

Nzomo akacheka kidogo, akatazama dari. "Tumekusikia. Lakini hapa hatuna kijana wa kutoa. Huyu bado mtoto, hata kufua shati hajui. Nenda salama."

Lo! Maneno hayo Muli aliyajua. Ndiyo Nzomo aliyowajibu waliokuja kumposa Kanini, dada yake Muli, mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu, mbuzi wakapokelewa kwa vigelegele. Kwao Ukambani, ukikubali siku ya kwanza umemtupa mwanao. Na anayeposwa hafungui mdomo. Sasa Mzungu wa watu angeyajulia wapi hayo? Alikunja karatasi yake, akaaga.

Muli akamfuata hadi kwenye gari.

"Baba yako nakataa," Harcourt akasema kwa huzuni. "Mimi naheshimu yeye. Leo jioni naandika ile kijana ya Kampala badala yako. Kesho sisi naondoka."

Hajakataa, Bwana, rudi ndani. Ni hayo tu Muli aliyotakiwa kusema.

"Muli!" Nzomo aliita mlangoni, uso umejaa fahari ambayo Muli hakuwahi kuiona. "Usimkimbilie! Unataka aseme tumekuchoka?"

Muli akasogea kando. Gari likashika njia ya mjini, naye akalitazama hadi likapotea.

Jumamosi iliyofuata Nzomo alioga mapema, akavaa koti, akamwambia mkewe Munyiva achinje kuku.

"Leo nitakataa kidogo tu," alimnong'oneza Muli. "Halafu nitakubali. Sijalala wiki nzima, mwanangu. Nitakukosa sana, lakini uende."

Muli alimpenda mzee yule kuliko mtu yeyote duniani. Akatoa kiti cha mgeni aliyekwisha kuondoka tangu Jumapili, akakipangusa.