Mbuzi wa Chumba cha Nyuma

"Mbuzi, mama! Umewaambia mimi ni mbuzi!"

"Punguza sauti, watakusikia!"

"Wasikie nini? Si wanajua mbuzi analia?"

Mama yake, Genoveva, aliruka akafunga dirisha. Vedasto alikuwa amesimama kwa shida, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye nyonga, maana leo ilikuwa zamu ya nyonga. Jana yalikuwa magoti. Sikoseli ilimzunguka mwilini tangu utotoni kama mgambo wa soko, leo kibanda hiki, kesho kile.

Korona ilipoingia, daktari alisema mwenye damu ya namna hiyo asichangamane na watu. Mama akaongeza la kwake: mtaa mzima wa Gungu ukaambiwa Vedasto kaenda Kagunga kwa mjomba, anakula samaki, migebuka ya ziwani. Siku hizo ukikohoa tu unanyooshewa kidole, sembuse kijana anayelia ndani na homa juu. Miezi minne sasa. Simu nayo ilikufa kioo mwezi wa kwanza tu. Akibanwa anang'ata kanga, lakini kuna maumivu kanga haiyawezi. Juzi yalimshinda, akalia. Jirani, Ziada, akauliza ng'ambo ya ukuta, "Mama Vedasto, nani huyo?" Mama hakupepesa. "Mbuzi huyo, jirani."

Na sasa hivi Ziada katoka hapo mlangoni. Idi ya kuchinja ni Ijumaa, mume wake anakuja kumwona huyo mbuzi, amnunue.

"Naenda Rusimbi kwa Leodgar," mama alisema, anatafuta kandambili. "Naazima mbuzi wake, namleta kwa bodaboda."

"Halafu wakimchinja, mimi nikilia Jumamosi utasema nini? Ng'ombe?"

Mama alitaka kucheka, akakumbuka amekasirika.

"Wewe cheka tu. Dada yako Wema nilimzika kwa damu hiyohiyo. Ukaikokote korona huko nje, na wewe nikuzike?"

"Wema aliumwa watu wanajua anaumwa! Walikuja, wakamkanda miguu, wakamtania. Mimi je? Bariki kaja kuniulizia, nimemsikia kwa masikio yangu, ukamwambia nanenepa. Akacheka, akaondoka zake. Rafiki yangu, mama! Maumivu nimeyazoea. Hili la kutokuwepo ndilo linalonimaliza."

Mama akizidiwa, Kiswahili humponyoka, hukataa kwa lugha ya kwao. "Oya, oya! Hutoki! Hapana, nimesema hutoki!"

"Hodi humu!" Sauti ya Baba Shadia, mume wa Ziada, uani. "Mama Vedasto, nimekuja kumwona mnyama wetu!"

Mama alishika mdomo, kandambili moja mguuni, moja mkononi.

"Mwambie hayupo," alinong'ona. "Mwambie kafa."

"Nani amwambie? Mimi si niko Kagunga?"

Vedasto alitoa barakoa kwenye msumari, akaivaa, akaivuta mpaka ikafunika pua. Akachukua mpini wa fagio aliokuwa akitembelea. Nyonga ilimchoma akauma meno, halafu akaacha kuyauma.

"Sitamgusa mtu, mama. Nitasimama mbali, kama daktari alivyosema."

"Vedasto. Mwanangu."

Hakugeuka. Alifungua mlango, jua likampiga machoni.

"Shikamoo, Baba Shadia! Simama hapohapo, usisogee. Mbuzi ndiye mimi."

Akaufunga mlango nyuma yake.