Chipu Mbili Zisizo na Jina

Mashine ililetwa ikiwa imezikwa ndani ya bakuli la mchele. Fundi aliifukua, akaipuliza, akazungusha bisibisi, na mfuniko ulipoachia, punje chache zikadondoka mezani.

"Mchele mkaupike," alisema. "Kazi yake ni sufuriani."

Kaka yake, mshirika wake katika lile duka la ufundi, alicheka. Wateja hawakucheka. Mume alisimama kwenye kaunta, shingo imefungwa kitambaa chepesi. Mke alikaa kwenye benchi, uso ameuelekeza mlangoni kama mtu aliyeahidiwa kwamba hatakaa sana.

Mume alikuwa dalali wa mnada. Miaka yote aliuza vitanda, pikipiki, cherehani na majokofu ya watu waliokwama, na sauti yake ilifika mahali ambapo vipaza sauti vya wenzake vilikata tamaa. Watu walimwita Nyundo. Kisha koo likaota uvimbe, na madaktari wakaondoa uvimbe na sauti kwa pamoja. Kabla ya kisu walimshauri atafute mashine ya kuhifadhi maneno, arekodi yale atakayoyahitaji. Ilikuwa ya kushika kiganjani, vitufe vimepangwa safu kwa safu, kila kitufe na sentensi yake. Nyundo alijifungia chumbani asubuhi moja akairekodi. Tangu hapo alikwenda mnadani na ile mashine, akaielekeza kwenye kipaza sauti, na biashara haikulala.

"Imelowaje?" fundi aliuliza.

"Ilikuwa mfukoni mwa shati," mke alijibu. "Shati likafuliwa."

"Likajifua lenyewe?" kaka aliuliza.

"Nililifua mimi. Unamjua mwingine anayefua nyumbani kwangu?"

Nyundo aligonga kaunta kwa kifundo cha kidole. Pigo moja lilikuwa ndiyo, mawili yalikuwa hapana. Mkewe ndiye aliyewaeleza. Na dalali ni dalali: kutoka kwenye mfuko wa plastiki alitoa mashine ya pili ya aina ileile, aliyoipata kwa wauza vitu chakavu. Ilikuwa nzima, kavu, na ndani yake hamkuwa na neno la mtu yeyote. Akaelekeza kidole kwenye iliyolowa, akakipeleka kwenye nzima.

"Umeeleweka, mzee," fundi alisema. "Tutoe sauti humu, tuitie humu."

Akaiweka bodi, kile kibao cha ndani chenye saketi, chini ya hadubini.

Kuisoma bodi usiyoijua huanza na viunganishi, kwa sababu kiunganishi huishia kwenye kitu unachokiona kwa macho. Cha pini mbili, chenye njia nene za shaba, kilikuwa cha betri. Kingine cha pini mbili, chenye njia nyembamba, kilikuwa cha spika. Kimoja kidogo pembeni kilikwenda kwenye maiki, na utepe mpana wa waya ulitoka kwenye vitufe. Kutoka hapo unafuata njia kuelekea ndani, kama mgeni anayeulizia nyumba hadi nyumba. Chipu iliyoshikana na betri na tundu la chaja ndiyo iliyogawa umeme. Iliyoshikana na spika ndiyo iliyokuza sauti. Ile kubwa ya katikati, yenye miguu pande zote nne, ndiyo iliyokuwa ubongo, na mita ya umeme ilipoigusa ililia mfululizo, dalili ya njia zilizogusana ndani. Ubongo ulikuwa umekufa.

Zikabaki mbili. Zilikaa bega kwa bega, ndogo, nyeusi, zikilingana kama pacha. Kiwanda kilikuwa kimezikwangua migongo ili maandishi yasisomeke na mtu wa nje asijue ni za aina gani. Fundi alizipaka spiriti, akazimulika taa kutoka ubavuni, akainamisha bodi huku na huku. Hapakuwa na hata nusu ya herufi. Wala hapakuwa na njia ya kutoka kwenye chipu hizo kwenda kwenye kiunganishi chochote. Zote mbili zilizungumza na ubongo peke yake.

"Moja ina maagizo ya mashine," alisema, "jinsi ya kuwaka, jinsi ya kusoma vitufe. Nyingine ina sauti ya mzee."

"Hamisha zote mbili tukale," kaka alisema. Alikuwa amekwisha washa mashine ya hewa moto.

"Ya maagizo ikiwa imeharibiwa na maji, tutakuwa tumeihamishia nzima ugonjwa. Na itazame miguu ilivyoliwa na kutu. Ukiipasha moja, jirani yake inaiva. Nafasi ya pili hatuna."

"Basi ni ya kushoto. Iko karibu na maiki. Sauti inaingia pale, inalala palepale."

"Kwa hiyo anayekaa karibu na benki ni tajiri?"

"Bibi Hadubini, unajua nimefungua bodi ngapi kabla wewe hujajua kushika bisibisi?"

"Nyingi, Kaka Upepo. Na umeunguza ngapi?"

Nyundo aligonga, akagonga, akagonga tena, kwa kasi, mapigo ya mtu aliyezoea kuunyamazisha umati. Akanyoosha kidole kwa kaka, kisha kwa dada, kisha akafungua viganja.

"Anasema hapa habahatishi mtu," mke alitafsiri, macho bado mlangoni. "Sauti ni yake, na nyingine hana."

Fundi alijiegemeza kitini. Akaitazama mashine nzima kwa muda, kisha akaifungua nayo. Ndani bodi ilikuwa ileile: viunganishi mahali palepale, na zile chipu mbili bega kwa bega, zimekwanguliwa vilevile.

"Hii inafanya kazi," alisema. "Tuirekodie kitu, tusikilize ni chipu ipi inaandika."

Alivuta skopu, kifaa chenye kioo kinachouchora umeme kama mstari unaorukaruka. Ncha ya sindano yake ingewekwa kwenye mguu wa chipu moja, kisha kwenye mguu wa nyingine. Ambayo mstari wake ungechangamka mtu anapozungumza ndiyo yenye kazi ya kutunza sauti. Kaka angeishika bodi na taa bila kuhema ovyo. Yeye angeishika sindano. Alitakiwa mtu wa kusema.

Wote watatu wakamgeukia mke.

"Niseme nini mimi?"

"Chochote, mama. Usinyamaze tu. Ukinyamaza haitakuwa na cha kuandika."

Alisogea, akainamia maiki, akasafisha koo.

"Haya. Haloo. Mimi ni mke wa Nyundo. Watoto wamekua, wana kwao. Nyumbani tumebaki wawili, na hiki kidude ni wa tatu. Asubuhi kinaniita: Bidhaa inayofuata! Hiyo bidhaa ni mimi. Chakula kikiwa kitamu: Nani anaongeza? Chumvi ikizidi: Bei hiyo hatutaki!"

Mabega ya kaka yalianza kutikisika, na bodi nayo.

"Tulia," fundi alisema, meno yameumana. Sindano ilikuwa kwenye chipu ya kushoto. Mstari ulilala, ukashtuka mara moja moja, ukalala tena.

"Tukibishana," mke aliendelea, "nikianza tu kupata hoja, kinasema: Imeuzwa! Basi, kesi imekwisha. Nitajibu nini? Na nikisema ananionea, nitakuwa namwonea mgonjwa."

Fundi alihamishia sindano kulia. Mstari uliruka ukajaza kioo.

"Endelea, mama. Usiache."

"Asubuhi ile alipojifungia kurekodi nilikaa nje ya mlango. Nikasema moyoni, atafika kwenye jina langu. Akauza kitanda. Akauza jokofu. Akasema asanteni wateja, mkutano ujao Jumamosi. Akatoka. Nikampa maji ya kunywa." Alivuta pumzi. "Lile shati nililinyanyua nikaliona zito. Mwanamke aliyefua maisha yake yote anaujua uzito wa shati. Nikatia mkono mfukoni, nikakigusa. Nikautoa mkono. Nikaliloweka."

Mstari ulicheza mpaka neno la mwisho, kisha ukalala sawasawa.

"Ni ya kulia," fundi alisema, akainua macho.

Hakuna aliyeshughulika na ya kulia. Nyundo alikuwa amemgeukia mkewe. Alifungua mdomo, kwa mazoea ya zamani, na kitambaa cha shingoni kikapepea kwa pumzi iliyotoka bila kitu. Kifundo cha kidole kiliinuka juu ya kaunta, kikabaki hewani, kikashuka bila kugonga.

"Niliambiwa nisinyamaze," mke alisema.

Kaka aliweka taa chini. "Tuwapishe kidogo?"

Nyundo aligonga mara mbili. Akanyoosha kidole kwenye mashine ya hewa moto.

Kwa moto hakuna aliyemshinda kaka, na dada yake aliujua ukweli huo hata pale alipomkejeli. Alizifunika chipu jirani kwa utepe usiopitisha joto, akaipuliza ile ya kulia kwenye bodi nzima hadi risasi ya kulehemu ikayeyuka, akainyanyua kwa kibano na kuiweka kwenye kisosi. Sauti ya mke ilikuwa humo. Kisha akageukia bodi iliyolowa. Chipu ya kulia ilikubali kutoka, lakini mguu mmoja ulibaki nyuma ukiwa umekatika. Fundi aliupokea mzigo chini ya hadubini, akalehemu waya mwembamba kama unywele pale ambapo mguu ulikuwepo, akaishusha chipu mahali pake papya kwenye bodi nzima. Mita ikaonyesha kila njia imefika inapokwenda. Akachomeka kiunganishi cha spika, cha vitufe, cha maiki, na mwisho cha betri. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Jaribu, mzee."

Nyundo alibonyeza kitufe cha kwanza.

"Bidhaa inayofuata!"

Ilikuwa sauti pana, ya mtu mwenye koo zima na kifua cha kulibeba, na nje barabarani watu wawili waligeuza shingo. Mke alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Ndiyo yenyewe," na kutokana na namna alivyosema isingejulikana kama amefarijika au amerudishiwa mzigo.

Nyundo alimtazama. Sasa alikuwa na sauti na alikuwa na la kujibu, na kila mtu dukani alisubiri. Kidole gumba kilipita juu ya Nani anaongeza. Kikafika kwenye Imeuzwa, kikatua hapo bila kubonyeza. Kaka aliacha kufuta kibano. Kidole kikainuka, kikashuka safu hadi safu, juu ya kitanda, juu ya jokofu, juu ya asanteni wateja, mpaka chini kabisa, kwenye vitufe ambavyo havikubandikwa karatasi. Alibonyeza kimoja. Spika ilitoa mvumo mdogo, basi.

"Hivyo vya chini ni vitupu," fundi alisema. "Unaweza kurekodi..." Akasikia mwenyewe alichosema. "Samahani, mzee."

Nyundo hakuonekana kuchukia. Aliigeuza mashine, akamwelekezea mkewe, kidole juu ya kitufe kitupu. Akaelekeza kidole kifuani pa mke. Kisha mdomoni pake.

Mke alisogea karibu.

"Jina langu? Niliseme mimi?"

Pigo moja.

"Halafu wewe uwe unabonyeza, nisikie mimi mwenyewe najiita, kisha niitikie?"

Kaka aliangua kicheko kabla hajajizuia. Mke naye akacheka, kidogo, akaufuta mdomo kwa kiganja.

Pigo moja tena, dogo zaidi.

"Sitaki," alisema. "Mnadani kiseme kitakavyo, ndiko kulikotuleta mjini. Nyumbani mikono unayo na miguu unayo. Ukinihitaji, njoo nilipo, unishike bega. Na tukigombana, ugombane kwa uso, niuone."

Nyundo alibaki ameinyoosha mashine mbele yake, kisha akaizima, akaitia mfukoni mwa shati. Aliwapa mafundi mkono, mmoja baada ya mwingine. Mke alikwisha tangulia, amefika ukingo wa barabara, anatafuta upenyo kati ya magari.

Fundi alimwona Nyundo, mlangoni, akiingiza mkono mfukoni. Mashine ikatoka nusu, kidole gumba kimekwisha lenga kitufe cha kwanza. Ikakaa hivyo. Kisha ikarudi ilikotoka, na yeye akavuta hatua ndefu, akaweka mkono juu ya bega la mkewe.

"Naam?" mke alisema, akigeuka.

Akamwonyesha upande wa pili, kwenye kivuli. Wakasubiri lori lipite, wakavuka.