Gari Bado Liko Gereji

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Februari mwaka 2004, Nyokabi alitoka kwa miguu kwenye lango la nyumba yake mtaani Lavington. Dalmas, askari wa lango, alikuwa amefungua mabawa yote mawili ili gari lipite. Alisubiri kidogo, akatazama nyuma kwenye banda la magari, kisha akafunga bawa moja.

Nyokabi alikuwa amevaa gauni la kanisani lililofika vifundoni, na raba nyeupe. Mkononi alikuwa na mkoba ambao ndani yake hamkuwa na kitu ila kitambaa cha kujifuta jasho. Aliubeba kwa sababu mtu mwenye mkoba huonekana ana mahali anakokwenda.

Alikuwa anatimiza agizo la daktari. Wiki iliyotangulia aliketi katika kliniki moja ya ghorofani, katikati ya jiji, mbele ya Dakta Anita, ambaye alimpima presha mara mbili kwa kuwa hakuamini kipimo cha kwanza. Ilikuwa juu. Kisha daktari akauliza habari za usingizi, na hapo Nyokabi akaanza kulia, jambo ambalo hakulikusudia. Tangu mwanawe wa pekee, Kiragu, aende kusoma ng'ambo mwezi wa Septemba, alikuwa akiamka alfajiri bila sababu na kukaa bafuni, bomba likiwa wazi ili mumewe asisikie. Alieleza kwamba nyumbani ana mashine ya kukimbilia aliyonunuliwa na mumewe. Imewekwa chumba cha wageni, ikitazama ukuta. Dakta Anita alisema mashine haina ubaya kwa moyo, lakini yeye alihitaji pia mwanga wa asubuhi, njia yenye miinuko, na kuona watu. Atembee nje, kwa haraka, kila siku hadi Aprili. Presha isiposhuka, atapewa dawa. Machozi yasipokoma, atapelekwa kwa mwenzake anayetibu magonjwa ya akili.

Maneno hayo ya mwisho Nyokabi aliyafikisha nyumbani kama yalivyosemwa. Mumewe, Waithaka, alikuwa mthamini wa ardhi na majumba, na benki zilimtegemea kwa sababu hakuna baya lililowahi kusemwa juu ya nyumba yake mwenyewe. Alimwambia mkewe atembee kama alivyoagizwa, ila asimweleze mtu yeyote sababu.

Ugumu ulikuwa kwenye barabara yenyewe. Waliotembea Lavington saa hiyo walikuwa wasichana wa kazi, watunza bustani na maaskari wa zamu ya mchana, wakija kutoka mitaa ya hali ya chini, Kawangware na Kabiria. Wenye nyumba walipita ndani ya magari. Nyokabi alitembea akikabiliana na kundi zima. Walimsalimu kwa heshima, kisha macho yao yakashuka kwenye raba.

Siku ya tatu gari lilipunguza mwendo kando yake. Alikuwa Harbans, jirani yake, akielekea kufungua duka la vifaa vya ujenzi la familia. Aliuliza kama gari la Nyokabi limeharibika. Jibu la kweli lilikuwapo, tena lilikuwa fupi. Nyokabi akasema ndiyo, liko gereji.

"Panda basi, Mama Kiragu. Mafundi wa siku hizi, unawapelekea gari na kelele moja, wanakurudishia na kelele mbili."

Akapanda. Harbans alimshusha kwenye maduka ya Valley Arcade, akamtakia siku njema, na Nyokabi akasimama mbele ya maduka yaliyofungwa hadi gari lilipopotea. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na siku iliyofuata pia, kwa maana Harbans alikuwa mtu mwema na mwenye kushika saa. Nyokabi alianza kutoka mapema zaidi ili amkwepe, na siku nyingine akateremka upande wa Kawangware, ambako alidhani hajulikani.

Matokeo, hata hivyo, yalikuwa wazi. Kufikia katikati ya Machi alikuwa akilala mpaka saa ya mezani imwamshe. Miguu iliacha kuvimba jioni. Dakta Anita alimpima, akasema presha imeshuka vya kutosha kuahirisha dawa. Bomba la bafuni lilifunguliwa kwa kuoga tu. Nyokabi aliona pia jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia: kwenye mwinuko, pumzi zikimwishia, hakuweza kumfikiria Kiragu, na alipofika juu na kuanza kumfikiria tena, hakulia.

Lakini gari lisilotoka gereji wiki baada ya wiki hupata maelezo mengine. Lornah, katibu wa ushirika wa akina mama kanisani, aliishi Kabiria. Alikuwa amemwona Nyokabi kando ya barabara karibu na Kawangware, na alipomwona mara ya pili akasimama kumwuliza kuna nini. Nyokabi alitoa jibu lile lile, akatazama chini. Lornah aliyaamini macho kuliko jibu. Jumapili, baada ya ibada, aliwaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba mwenzao ameanguka. Madalali wamechukua gari kwa ajili ya deni, na mama wa watu anatembea hadi Kawangware kutafuta vitu vya bei nafuu, na mkoba hauna kitu.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, wanawake sita walifika langoni wakiimba, kila mmoja na kiondo chake cha kusukwa begani. Sebuleni walipanga mezani unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia na majani ya chai. Nyokabi alielewa kabla ya kiondo cha pili kufunguliwa. Hapo ndipo angeweza kusema. Badala yake aliwashukuru, akaagiza chai.

Lornah aliomba. Aliiombea nyumba iliyotikiswa, akamwombea baba wa nyumba asikate tamaa, na kwa kuwa Mungu hachoki, akaombea na gari. Katikati ya maombi lango lilisikika. Walipofumbua macho waliona kupitia dirishani Waithaka akiliegesha gari la Nyokabi, limetoka kuoshwa, maji bado yanadondoka.

Kisha Lornah akatabasamu.

"Si hata amina haijapoa! Limetoka gereji leo leo."

Wengine wakapiga makofi. Nyokabi hakuhitaji kusema uongo mwingine. Kuitikia kwa kichwa kungetosha. Waithaka aliingia, akawasalimu mmoja mmoja, kisha akauona unga. Akauliza kwa upole kuna harusi ya nani.

"Baba Kiragu, mkono mmoja haulei mwana," alisema Mukonyo, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. "Usione haya. Hata mimi madalali wananijua kwa jina."

Waithaka alimtazama mkewe. Alikuwa anamwomba alimalize jambo hilo kwa njia fupi.

"Gari halijawahi kwenda gereji," Nyokabi alisema. "Limekuwa hapo nyuma siku zote. Daktari aliniambia nitembee. Nilikuwa silali. Nilikuwa nalia bafuni kila asubuhi kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyekufa. Nikitembea, nalala. Nikaona aibu kusema, nikasema gari."

Lornah aliutazama unga. Waithaka alitoka nje, akasimama kando ya gari huku mgongo wake ukielekea dirishani.

"Haya basi," alisema Mukonyo. "Miaka yote hii natoka Kabiria kwa miguu kwenda kibarua, kumbe natibiwa."

Mmoja akacheka, akaacha alipojikuta peke yake. Chai ilinywewa ikiwa moto bado. Wageni waliondoka bila wimbo, Lornah akitangulia, na kiondo chake kikabaki chini ya meza.

Jioni hiyo Waithaka alitaka Dalmas apelekwe na gari kurudisha kila kitu kabla ya ibada ya kesho. Nyokabi alisema chakula kilicholetwa kwa maombi hakirudishwi, na kiondo cha mtu hakirudi kitupu. Waithaka akamwuliza anataka watu waseme nini sasa. Akasema hajui. Jumapili hawakwenda kanisani, na hakuna kati yao aliyetaja sababu.

Jumatatu asubuhi Nyokabi alichuma maparachichi nyuma ya nyumba, akajaza kiondo, akakitia begani. Alivaa trakisuti ambayo ilikuwa haijawahi kutoka nje ya chumba cha wageni. Mkoba aliuacha. Dalmas alifungua bawa moja tu.

Hakubadilisha njia. Gari la Harbans lilipunguza mwendo mahali pale pa kawaida, na mlango ukafunguliwa.

"Asante, Harbans, lakini sipandi. Gari ni zima. Daktari ameniambia nitembee, kwa sababu ya presha na kwa sababu ya huzuni."

Wasichana wawili wa kazi waliokuwa wakipita walisikia. Harbans alikitazama kiondo, akaitazama trakisuti. Akauliza, kama ni hivyo, siku zile zote alikuwa anamshusha aende wapi. Nyokabi akamwambia ukweli: alikuwa akisimama mbele ya maduka yaliyofungwa hadi yeye aondoke. Harbans alisema angeambiwa asingemsumbua, akaufunga mlango, akaondoka.

Nyokabi alivuka Kawangware, akapita Riruta. Kabiria aliuliza njia mara moja. Lornah alikuwa mlangoni pake akifua, mikono ikiwa ndani ya povu, na alipomwona aliinuka haraka mno hata akamwaga maji. Alijipangusa kwenye leso. Aliuliza kama gari limeachwa kule barabarani, kwani hapa ndani njia ni mbaya.

"Sikuja na gari, Mama."

Lornah alikipokea kiondo kwa mikono miwili, bila kuinua macho kutoka kwenye raba za Nyokabi.