Zamu ya Nyumba Yake

Tangu kimbunga kipite, Tulia hakutulia. Jina lenyewe alipachikwa na wakwe zake kwa utani, maana hata chakula alikula huku kasimama. Sasa utani ulikuwa umezidi. Kabla chai haijapoa alishavaa buti, mbio kuwawahi wale wa kujitolea waliokuwa wakizunguka mtaa kwa mtaa kuezeka upya nyumba za watu.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na turubai la buluu upande wa chumbani, likipigapiga mchana kutwa. Yeye, mkewe na watoto walijibanza sebuleni kwa dada wa mkewe.

"Kwetu lini, baba watoto?" mkewe alimuuliza.

"Kuna wenye shida kuliko sisi."

"Wapo. Ila dada keshaanza kufunga kabati la sukari."

Tulia alicheka, akatoka.

Asubuhi moja gari lililowabeba pamoja na mbao na mabati likakata kona asiyoitarajia.

"Mmepotea njia," alimwambia msimamizi wao, mama mmoja seremala mwenye sauti ya kukwaruza.

"Hatujapotea. Mkeo alikuja jana. Kasema kwenu pana bwana mmoja mgumu, tukamsaidie."

Wenzake nyuma ya gari wakaangua kicheko. Tulia akatazama pembeni.

Kwenye mapaa ya wengine mkono wake haukukosea. Kwenye lake, msumari wa kwanza ulipinda, wa pili ukaruka chini, na nyundo ikamponda kidole. Kila turubai lilipojipiga, aligeuka kutazama mawingu. Seremala akapanda, akaketi kwenye boriti karibu naye, akamtoa nyundo mkononi taratibu.

"Una nini?"

"Siku ile tulijifungia koridoni, watoto wamenilalia mapajani. Nikawa nasikia mabati yanang'oka, moja moja. Najiambia, likiisha hili basi. Mara jingine. Pakiwa na turubai, hakuna cha kung'oka. Tukiezeka, nitaanza kusikiliza upya."

Seremala hakumpa pole. Aliitikisa ile boriti.

"Hii ilishikwa na misumari mitupu. Leo tunaifunga kwa mkanda wa chuma mpaka ukutani. Upepo si wangu, sikuahidi kitu. Mkanda ndio wangu. Funga mwenyewe, ukiridhika niite niuvute."

Akafunga. Akafungua, akafunga tena. Seremala akauvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haukusogea.

Alasiri bati la mwisho likakaa mahali pake, na mkewe akaja na godoro, kaliburuta peke yake mpaka mlangoni. Tulia alikuwa akizunguka chumba hadi chumba, uso juu. Mara mabati yakalia, ta, ta, ta. Akasimama kama mti, masikio wazi.

"Jua linashuka, bati linapoa," mkewe alisema. "Shika upande wako, mikono inanikatika."

Akashika. Wakalilaza godoro kitandani, wakakisogeza kitanda ukutani, kisha Tulia akaomba wakiweke karibu na mlango. Mkewe akakisukuma bila kuuliza. Watoto wakaingia mbio na viatu vya matope, wakajitupa juu ya godoro.

Tulia akakaa ukingoni, mguu mmoja ukichezacheza, akaanza kuwavua viatu.