Siku ya Mwiko

Huko Kolkata, India, siku ya Saraswati, mungu wa elimu wa Wahindu, vitabu hupangwa miguuni pa sanamu yake na kusoma ni mwiko hadi kesho yake. Bibhabati alikuwa amekipendekezea chama chake cha wasomaji kitabu kinene kuhusu mitambo na wanaoitumia kututawala. Mwezi mzima, hakuna aliyefungua nakala yake.

"Tungesoma, Shangazi, ila leo mwiko!" Nirupam, mmoja wa wanachama, alimwambia Bibhabati huku akiziweka nakala zao miguuni pa sanamu uani kwake, na wenzake wakaangua kicheko.

"Haya. Na hizo simu mnazosoma kutwa? Ziwekeni hapo hapo!" Bibhabati akajibu.

Wakaziweka, wamenuna.

Asubuhi ya kesho yake Bibhabati alipofungua mlango wa uani, alicheka mpaka machozi. Vitabu vyote vilikuwa vimeshachukuliwa na wenyewe alfajiri, mara mwiko ulipoisha. Simu zilikuwa bado pale, zinalia, na hakuna aliyezikumbuka.