Majina Nyuma ya Picha

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024. Asubuhi hiyo mvua nyembamba ilinyesha mtaani Nguba bila upepo, na ng'ambo ya ziwa haikuonekana. Georgette alifungua mlango wa makumbusho saa moja kamili, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kupanga viti.

Makumbusho hayo ya michezo ni vyumba viwili vilivyoazimwa na familia moja ya hapo mtaani. Ni ASBL, shirika lisilotafuta faida. Hakuna kiingilio wala anayelipwa mshahara. Georgette, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, ndiye mhifadhi: kila kinacholetwa, kiwe kiatu, filimbi au medali, anakipa namba, anakiandika daftarini, aliyekileta anasaini, kisha yeye anaandika kibandiko kwa mkono wake mzuri wa ubaoni.

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Oktoba, kamati inaingiza majina matatu kwenye Ukuta wa Heshima. Jina haliingii mpaka watu wawili waliomwona mtu huyo akicheza wasaini ushahidi, na mmoja wao lazima awe amecheza dhidi yake. Magazeti ya zamani yalipotea kwenye vita, na mtu wa timu pinzani hana sababu ya kukusifu bure.

Mwaka huu mmoja wa watatu hao alikuwa Cibalonza, mshambuliaji wa pembeni katika timu ya wanawake ya mpira wa mikono. Alifariki mwaka 1994, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto aliyemwacha, Carine, sasa ana watoto wake watatu na analima mpunga Luberizi. Picha zote za nyumbani kwao ziliungua. Mara ya kwanza kumwona mama yake ilikuwa hapa, miaka mitatu iliyopita, kwenye picha namba 31: wasichana saba wamesimama mstari mmoja, mwaka 1988.

Georgette ndiye aliyemwonyesha. Wa kwanza kushoto, uso wa duara, anatabasamu. Wenzake walivaa kaptula. Yeye peke yake alivaa suruali ndefu.

"Unaona?" Georgette alimwambia siku ile. "Mama yako alikuwa mtu wa sala. Hata uwanjani alijiheshimu."

Carine alibusu kioo. Baadaye aliomba nakala kubwa, akaenda nayo Luberizi.

Saa nne asubuhi, siku hii ya sherehe, Martine aliingia akikung'uta mwavuli. Martine ni mwenyekiti wa kamati, na ndiye aliyekuwa kapteni wa timu ile. Pale pichani yuko katikati kabisa. Nyuma yake aliingia mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka. Alikuwa Eulalie, mchezaji mwenzao, ambaye alikuwa ameishi Lubumbashi zaidi ya miaka thelathini.

Eulalie aliisogelea picha, akasoma vibandiko, akaangua kicheko.

"Martine! Nani alinikondesha hivi? Hapa munaandika Eulalie chini ya huyu kijiti!"

"Wewe wa kulia," Martine akasema.

"Miye wa kulia? Miye niko huku kushoto na suruali yangu. Kipa alikuwa nani mu timu, si miye? Huyo kijiti ni Cibalonza."

Georgette aliishusha picha. Aliitoa kwenye fremu, akaigeuza. Nyuma mtu alikuwa ameandika majina saba kwa kalamu ya wino, na la kwanza kushoto lilikuwa Cibalonza. Aliibana kwa vidole viwili: kidole gumba nyuma, juu ya jina hilo, na kidole cha shahada mbele, mahali palepale. Kidole cha mbele kiliangukia msichana wa mwisho kulia, mwembamba, aliyekunja uso kama anayedai haki yake. Mwandishi alikuwa ameandika kila jina nyuma ya kichwa cha mwenyewe. Georgette aliyanakili kama anavyosoma ukurasa, kutoka kushoto kwenda kulia, na wachezaji wote walibadilishana majina isipokuwa yule wa katikati.

"Na miye nilionyeshwa vibandiko, nikasema yote iko sawa," Martine akanong'ona.

"Uliangalia nani?" Eulalie akauliza.

"Nilijiangalia miye."

"Eh, Présidente! Sura moja tu ndiyo ulihakikisha!"

Martine hakucheka. Alifunga mlango.

"Maman Georgette, sikia. Saa nane yule mutoto anafika na bamama ba kwaya yao. Bametoka mbali na mvua hii. Tufanye sherehe. Mwezi ujao unabadilisha vibandiko polepole, na kopi yake tunasema iliharibika, tunamupa ingine. Nani atajua?"

Georgette aliingia chumba cha nyuma, akapiga magoti kati ya rafu za viatu. Hakuomba apewe maneno matamu. Aliomba tu aseme ukweli mwenyewe, kabla Carine hajaketi.

Alipotoka alichomoa vibandiko vyote isipokuwa cha katikati, akavipanga upya, akairudisha picha ukutani.

"Ukitaka kunitoa kwenye kazi, kamati iko," alimwambia Martine. "Lakini nitamwambia leo."

Carine alifika saa nane, kitenge kipya, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Georgette alimpokea mlangoni, akampeleka moja kwa moja mbele ya picha, akamweleza yote: majina ya nyuma, kosa lake, vidole viwili. Alisema taratibu, kama darasani, na hakujitetea.

Carine alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Na suruali?" aliuliza.

"Suruali ni ya kipa, mutoto wangu," Eulalie akajibu. "Tulikuwa tunaanguka chini. Bila suruali magoti inakwisha. Sala haikuwemo."

Carine alimgeukia. Aliuangalia uso wake kwa muda mrefu, uso wa duara ulioongezeka miaka thelathini na sita.

"Ni wewe nilikuwa ninabusu."

"Ni miye. Unisamehe, sikujua."

"Na huyu?" Carine aligusa kioo upande wa kulia. "Huyu nilikuwa ninamuona mukali. Sikupendaka kumuangalia."

"Alikuwa mukali! Kaptula yake fupi kuliko zetu zote. Alikuwa anatukana refa kwa Mashi, luga ya kwetu, ili refa asielewe. Halafu anafunga bao, anarudi anatutukana na sisi."

Akina mama wawili wa kwaya walicheka. Carine hakucheka, lakini aliusogelea uso ule uliokunjamana mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Batoto wangu banaaga ile picha kila jioni mbele ya kulala," alisema bila kugeuka. "Miye nilibafundisha. Bananiuliza kama bibi alikuwa mutu wa sala, ninabaambia angalia suruali. Sasa nani atabaambia? Miye hapana, Maman Georgette. Miye siwezi."

Georgette alimwekea kiti mstari wa mbele. Watu walikuwa wanaingia, viti vinajaa.

Saa tisa sherehe ilianza. Kwa kanuni za makumbusho, mhifadhi ndiye anayesimama na kusoma karatasi ya ushahidi. Georgette aliisoma ya Cibalonza: mabao, miaka, saini mbili. Alipofika mwisho aliiweka mezani, akavua miwani. Martine alimtazama kutoka kiti cha mbele, akainamisha kichwa.

"Kosa la picha namba 31 ni langu, na suruali ile niliihubiri mimi," Georgette alisema. "Mbele ya Mungu na mbele yenu wote mlioketi hapa, naahidi hivi. Jumamosi ijayo nitashuka Luberizi, mimi mwenyewe, na nakala sahihi mkononi. Nitaitoa ile ya zamani ukutani kwa Carine, nitawaketisha watoto wake watatu, na nitawaambia kwa mdomo wangu kwamba bibi yao ni huyu aliyekunja uso, na kwamba aliyewadanganya ni mimi, si mama yao."