Nitoe Wapi, Niache Wapi

Shuleni walimwita Kimya, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Mwaka jana aligombea uongozi wa darasa, akapanda jukwaani, akatoa macho, akashuka bila kusema hata "hamjambo". Mwaka huu kajitosa tena, na sasa anataka uenyekiti wa wanafunzi wote. Kushinda hakuwa na haja nako sana. Alichotaka ni kufungua kinywa tu, maana akishuka bila neno mara ya pili, jina lile lingemganda hadi uzeeni.

Mazoezi aliyafanya kwa baba yake, kinyozi. Kila alipotoka shule alisimama kando ya kiti, ufagio mkononi, akawahutubia wateja. Wasikilizaji wazuri hao: wamefungwa shuka shingoni, wamefumba macho nywele zisiwaingie, na baba kawakataza kutikisika. Hotuba aliimaliza bila kukosea. Mmoja alikoroma, naye akahesabu kwamba huyo kakubali.

"Iko sawa, mwanangu," baba alisema, akipuliza vumbi la nywele kwenye mashine. "Ila wasikilizaji wako wote nimewashikia wembe. Hawana pa kwenda."

Kimya alicheka. Hakupaswa kucheka.

Siku ya siku, ukumbini kulikuwa na vichwa mia tatu na hakuna hata kimoja kilichotulia. Viligeuka, vilinong'onezana, vilisukumana. Na macho yote wazi. Hotuba ikamtoroka yote, pamoja na salamu.

"Kimya kama kawaida," mtu akasema safu ya mbele, wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu aliyeshika kengele ya muda akatazama saa.

Mguu mmoja ulishaanza kurudi kwenye ngazi. Kichwani hakikubaki kitu ila yale maneno ya baba, anayomwambia kila anayekalia kiti kabla hajawasha mashine, mara ishirini kwa siku. Yakamtoka yenyewe.

"Niambieni mapema. Nitoe wapi, niache wapi?"

Ukumbi ukatulia. Kisha msichana mmoja nyuma akajibu, "Toa ile foleni ya bombani."

"Hiyo inatoka. Madarasa yapishane dakika kumi tu, foleni imekwisha."

"Maktaba iache, ila ifunguliwe Jumamosi," mwingine akadakia.

Akajibu na hilo, na la tatu, na alipoulizwa kama atanyoa watu bure akasema wamuulize baba, yeye ni wa ufagio tu. Walicheka tena, naye akacheka nao. Alikuwa katikati ya habari za vyoo kengele ilipolia. Akaendelea. Ikalia tena.

"Mgombea, muda wako umekwisha kitambo," mwalimu akasema. "Hebu nyamaza, wenzako nao waongee."

Tangu aanze shule hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze. Alishusha pumzi ndefu, akashukuru, akashuka, furaha imemjaa.

Jioni hata ufagio hakuugusa.

"Baba, leo nimenyamazishwa."

Baba akazima mashine, mteja kanyolewa nusu kichwa, akamvutia bintiye kibao. "Kaa. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Mteja naye akafumbua macho, akageuza kiti kizima ili asikie vizuri.